Nani Anachora Mpaka wa Hesabu?

Mwaka 1969 kampuni ya Coca-Cola ilikuwa na swali la biashara: soda iuzwe ndani ya nini? Chupa ya kioo ilikuwapo, kopo lilikuwapo, na plastiki ilikuwa inabisha hodi. Harry Teasley, aliyesimamia vifungashio vya kampuni hiyo, hakutosheka na jibu la bei. Alitaka kujua kila chombo kinakula malighafi na nishati kiasi gani, na kinaacha taka kiasi gani, kuanzia mchanga na madini yanapochimbwa hadi siku chombo kinapotupwa. Kazi hiyo walipewa Midwest Research Institute ya Kansas City. Ripoti yao haikuchapishwa hadharani, lakini namna yao ya kuhesabu ndiyo iliyozaa kile tunachokiita leo tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa.

Miaka mitano baadaye mamlaka ya mazingira ya Marekani ilichapisha utafiti wa taasisi hiyohiyo uliolinganisha aina tisa za vyombo vya vinywaji. Aliyeibuka na mzigo mdogo ni chupa ya kioo inayorudi kiwandani na kujazwa tena mara 10. Msomaji aliyekulia kwenye maduka yenye kreti za soda, ambako mwenye duka hakuachii utoke na chupa mpaka uache hela ya chupa au uje na tupu yako, hana sababu ya kushangaa. Ila atazame vizuri sharti lililowekwa: mara 10. Chupa ileile ikinywewa mara moja na kutupwa, inahamia upande wa wakosaji, kwa kuwa kuyeyusha kioo kunataka joto la nyuzi 1,500 hivi, na uzito wake unakula dizeli ya lori njia nzima. Kioo chenyewe, basi, hakina usafi wala uchafu wa kuzaliwa nao. Kinachokitakasa ni kreti, ni ile hela ya chupa, na ni lori linalopeleka soda na kurudi na tupu.

Mambo mengi yanayofuata yamejificha humo. Hesabu ya aina hii haisemi kitu gani ni kizuri. Inajibu swali iliyoulizwa, kwa masharti iliyopewa, na anayeweka masharti huwa ameshalisogeza jibu kabla kikokotoo hakijawashwa.

Wengi hapa kwetu wakisikia tathmini ya mazingira hufikiria ile ya miradi: mtu anataka kujenga kituo cha mafuta au machimbo, mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, inamdai ripoti. Hiyo hutazama mahali pamoja. Hii tunayoizungumzia hukifuata kitu chenyewe popote kinapokwenda, hata kikivuka mabara matatu. Kanuni zake zimo katika viwango vya kimataifa ISO 14040, kilichotoka kwanza mwaka 1997, na ISO 14044 cha mwaka 2006. Unaanza kwa kutaja lengo na kuchora mpaka: hatua zipi zimo, zipi hazimo. Kisha unaorodhesha kila kinachoingia na kutoka, yaani maji, mbolea, umeme, moshi na majitaka. Orodha hiyo unaigeuza kuwa athari: joto la dunia, maziwa kujaa magugu kwa mbolea, tabaka la ozoni kumomonyoka, na nyinginezo. Mwisho unakaa na kuyahoji matokeo yako mwenyewe, hatua ambayo ndiyo wengi huipitia mbio.

Lipo na jambo la kipimo cha kazi. Huwezi kulinganisha kilo ya karatasi na kilo ya plastiki, maana hakuna mtu anayehitaji kilo ya karatasi. Anachohitaji ni kubeba nyanya na unga kutoka sokoni hadi nyumbani. Kwa hiyo unalinganisha kazi: mizigo mingapi, ya ukubwa gani, kwa muda gani. Sentensi hiyo moja, ambayo katika ripoti hukaa ukurasa wa pili au wa tatu na kurukwa na karibu kila msomaji, ina nguvu kuliko majedwali yote yanayoifuata.

Tuone ilivyofanya kazi kwenye mifuko. Mwaka 2011 mamlaka ya mazingira ya England ilichapisha utafiti uliosema kwamba mfuko wa pamba, ili ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki kwa kigezo cha joto la dunia, sharti utumike mara 131. Wa karatasi, mara 3. Hapo imechukuliwa kwamba ule wa plastiki hutumika mara moja na kwisha. Ikichukuliwa kwamba kila mfuko wa plastiki ukifika nyumbani hugeuzwa wa kutilia taka, mfuko wa pamba unadaiwa mara 327. Pamba ni ileile na plastiki ni ileile. Kilichobadilika ni dhana kuhusu kinachotokea jikoni kwa mtu.

Wadenmark walipofanya yao mwaka 2018 walikwenda mbali zaidi. Namba yao imezunguka dunia: mfuko wa pamba ya kilimo hai unapaswa kutumika mara 20,000, na wa pamba ya kawaida mara 7,100. Ukienda sokoni kila siku bila kukosa, mara 20,000 ni karibu miaka 55. Walioikariri namba hiyo ni wengi kuliko walioisoma ripoti. Ndani yake mna mambo mawili. Kwanza, 20,000 inatokana na kigezo kimoja, tabaka la ozoni, kwa sababu watafiti waliamua kila mfuko ushinde katika vigezo vyote. Kwa joto la dunia peke yake mfuko huohuo unahitaji mara 149, na wa pamba ya kawaida mara 52. Pili, mfuko wa kilimo hai waliokuwa nao ulikuwa mdogo kuliko wa plastiki uliofanywa mizani, kwa hiyo wakauhesabu kama mifuko miwili. Hakuna udanganyifu hapo. Yote yameandikwa waziwazi. Lakini jikoni mwa mtu mwenye mfuko mmoja wa pamba, ile miwili ya kwenye jedwali haipo.

Na lipo la tatu, ambalo kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Utafiti wa Denmark haukuhesabu mifuko inayozagaa. Kwao ni haki kutoihesabu: taka za nyumbani hukusanywa, huchomwa kwenye mitambo, na joto lake hutumika. Mfuko wa plastiki pale unakufa kifo cha heshima. Mfuko wa rambo wa Dar es Salaam ulikuwa unakufia mtaroni, unaziba maji ya mvua, mtaa unafurika. Au unaishia tumboni mwa ng'ombe na kuonekana tena machinjioni. Zanzibar walipopiga marufuku mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, hawakuwa wanapigania tabaka la ozoni. Walikuwa wanapigania mitaro, mifugo na fukwe. Kuzipinga marufuku hizo kwa namba ya Denmark ni kumjibu mtu swali ambalo hakuuliza.

Nisiiegemee sana serikali, kwa sababu upande wa pili wa hesabu nao unatudai. Baada ya marufuku masoko yalijaa mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa lakini ambayo ukweli wake ni plastiki ya polipropilini. Mfuko wa namna hii hutumia malighafi nyingi kuliko ule wa rambo, na unajitetea kwa jambo moja tu: kwamba utarudi sokoni mara nyingi. Shika ule wa bei ya chini kabisa uutazame. Ukiuinua juani unaona mkono wako kwa upande wa pili. Mikono yake haikushonwa. Imebandikwa kwa joto mahali padogo tu, na kilo tatu za viazi zinatosha kuibandua kabla hujafika kituo cha daladala. Mfuko kama huo ni plastiki nyingi zaidi kwa safari ileile moja. Mamlaka ziliiona kasoro hiyo. Tanzania iliweka kiwango cha uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na Kenya, kupitia NEMA, ilitangaza mwaka 2019 kuipiga marufuku mifuko hiyo kwa kuwa mingi haikuwa na ubora wa kutumika tena na tena. Maofisa wale labda hawakuitaja ISO hata kidogo, lakini walichokuwa wanakilinda ni kipimo cha kazi: mfuko mmoja, safari nyingi. Kikapu cha ukindu, kwa taarifa ya wenye kukithamini, hakimo katika jedwali la England wala la Denmark.

Kama mifuko inaonyesha mpaka uliochorwa kwa mazingira ya wengine, maua yanaonyesha faida ya kuuchora mpaka mpana. Miaka ya 2006 na 2007 Waingereza walikuwa na mjadala mkali kuhusu chakula na maua yanayosafiri kwa ndege, hata baadhi ya maduka makubwa yakaanza kubandika alama ya ndege kwenye bidhaa hizo ili mnunuzi aone aibu kidogo. Wakulima wa Kenya walikuwa wanahukumiwa kwa hatua moja ya safari. Kisha Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield akafuatilia waridi 12,000 kutoka Kenya na 12,000 kutoka Uholanzi, tangu shambani hadi Uingereza. Waridi za Kenya, pamoja na ndege yake, zilitoa takribani kilo 6,000 za hewa ukaa. Za Uholanzi, zilizosafiri hatua chache tu kuvuka bahari, zilitoa kama kilo 35,000. Sababu ni kwamba waridi haliwezi kuota Uholanzi wakati wa baridi bila kitalu nyumba kinachopashwa joto kwa gesi na kumulikwa kwa taa, ilhali Naivasha jua la ikweta linafanya kazi hiyo bila ankara, na shamba kama Oserian limekuwa likitumia jotoardhi ya Olkaria.

Utafiti huo uliagizwa na kampuni inayoingiza maua Uingereza. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ni vema msomaji ajue nani alilipa, ingawa sijaona sababu ya kuikataa hoja yenyewe: gesi ya kupasha vitalu ni nyingi mno kufichika. Ninachokiona mimi ni kwamba ushindi ule ulikuwa wa hewa ukaa tu. Ungeuliza maji, jibu lingekuwa jingine. Watafiti Mekonnen, Hoekstra na Becht walikadiria mwaka 2012 kwamba ua moja la waridi la Naivasha linachukua kati ya lita 7 na 13 za maji. Lita 10 kwa ua huko Uholanzi, nchi inayohangaika kuyatoa maji nje, si sawa na lita 10 kutoka bonde la ziwa lenye wavuvi, wafugaji na viboko, ambalo tangu mwaka 1995 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lita ni lita katika jedwali, ziwani hazilingani. Yeyote anayeitaja Cranfield kuusifu ukulima wa maua wa Kenya ana wajibu wa kuutaja na mto Malewa unaolilisha ziwa hilo.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo hesabu hii ingetufaa kuliko kote na ndipo inapotuchanganya zaidi. Tanzania ina mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa usio safi. Je, gesi ni bora kuliko mkaa kwa mazingira? Tuichukue kazi moja: kuivisha sufuria za maharage mpaka kilo moja ya gesi iishe.

Kilo ya gesi ina megajuli 46 hivi, na jiko lake hufikisha kwenye sufuria zaidi kidogo ya nusu, tuseme 25. Kilo ya mkaa ina kama megajuli 29, lakini jiko la bati la kawaida hufikisha moja ya tano tu, kama 6. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo nne za mkaa. Kilo nne hizo, zikitoka kwenye tanuri la udongo la porini, zimekula kilo 28 hivi za kuni, kwa sababu tanuri la asili linapoteza sehemu kubwa ya mti kabla mkaa haujafungwa kwenye gunia. Kilo ya gesi ikiungua inatoa hewa ukaa kilo tatu. Kilo 28 za kuni, kama mti haukurudi, zinatoa kilo 40 na ushee. Hii ni hesabu ya kukisia, ya karatasi na kalamu, lakini tofauti ni kubwa kiasi kwamba kukosea kidogo hapa na pale hakubadilishi picha.

Kama mti haukurudi. Maneno hayo matatu yanabeba hesabu nzima. Miti mingi ya miombo huchipua kwenye kisiki. Wilayani Kilosa kuna vijiji vilivyogawa misitu yao vitalu, vikavuna mkaa kwa zamu ya miaka 24, kitalu kimoja kikipumzika huku kingine kikikatwa. Mkaa wa msitu unaorudi hauandikiwi zile kilo 40, maana miti inazivuta tena. Kinachobaki ni methani ya tanuri na moshi mwingine, na pengo kati yake na gesi, ambayo nayo imechimbwa mbali na kuletwa kwa meli, linaweza kuzibika karibu lote. Mkaa wa shamba lililofyekwa moja kwa moja kwa ajili ya ufuta au mahindi ni kitu kingine. Magunia mawili yanayofanana, yaliyopangwa sambamba kando ya barabara ya Morogoro, yanaweza kuwa na hesabu zinazopishana mara kumi, na mnunuzi wa kopo hana njia ya kujua.

Ni kwenye kiasi hicho cha kuni zisizorudi ndipo fedha nyingi zimeingia. Miradi ya majiko banifu inauza hati za kaboni kwa kudai kwamba kila jiko limeokoa msitu kiasi fulani. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchunguzi wa miradi hiyo, wakakuta kwa wastani imejihesabia mara 9.2 ya faida iliyopatikana kweli. Sehemu ya tatizo ilikuwa majiko yasiyotumika kama ilivyodaiwa. Nyingine ilikuwa makadirio ya juu mno ya kuni zisizorudi. Kigezo kimoja kikipandishwa kidogo, hati zinaongezeka, na wanaofaidika na hati ndio wanaokipandisha.

Tena, hadi hapa tumehesabu hewa ukaa tu. Mama anayekaa na moshi jikoni saa tatu kwa siku hamo katika zile kilo 40. Ukiingiza mapafu, gesi inashinda hata kama msitu unarudi wote, na kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito kuliko mengine. Ila hiyo ni hukumu yangu, si matokeo ya hesabu. ISO 14044 hairuhusu ulinganisho unaotangazwa kwa umma uyapime mapafu, misitu na ozoni kwa mizani moja kisha utoe namba moja ya jumla, kwa kuwa hakuna sayansi inayosema mapafu mangapi ni sawa na hekta moja ya miombo. Anayekupa namba moja ya jumla amekuwekea maadili yake ndani yake.

Mitumba nitaigusa kwa kupita. Tafiti za Ulaya huipa nguo inayouzwa tena sifa nzuri kwa hoja kwamba imezuia nguo mpya kutengenezwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba nguo 100 za mtumba huokoa kati ya 60 na 85 mpya. Kadirio hilo lilifanywa kwa wanunuzi wa Sweden na Estonia. Robota likishafunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, na nguo zisizouzika zikaelekea dampo la Dandora au mtoni, mwisho wa maisha ya shati la Ulaya unakuwa mzigo wa jiji jingine, na mpaka wa hesabu mara nyingi unakuwa umeshafungwa bandarini.

Linalonisumbua zaidi ni takwimu. Anayefanya tathmini hapimi kila kitu mwenyewe. Hununua hifadhidata kubwa, na iliyo maarufu zaidi, ecoinvent, ni ya Uswisi. Nchi ambayo haina takwimu zake kwa hatua fulani hupewa wastani wa sehemu nyingine ya dunia. Sasa fikiria umeme. Kenya huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa jotoardhi, maji, upepo na jua. Tanzania ilitegemea gesi asilia kwa kiasi kikubwa, kisha Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji likaingia na mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na picha ikageuka ndani ya muda mfupi. Wastani wa dunia, kwa upande wake, bado una makaa ya mawe mengi. Kiwanda cha Thika au Morogoro kikihesabiwa kwa wastani huo, kinatwishwa moshi wa makaa ambayo hayakuwahi kuchomwa kwa ajili yake.

Kupima mwenyewe nako ni gharama. Tesco ya Uingereza ilitangaza Januari 2007 kwamba itaweka lebo ya kaboni kwenye bidhaa zake zote, kama 70,000, na mwaka 2012 ikaachana na mpango huo kwa sababu bidhaa moja ilihitaji kazi ya miezi. Kama Tesco ilishindwa, chama cha ushirika cha kahawa cha Mbinga kitafanyaje? Na bado mahitaji yanakuja. Tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya umewataka waagizaji wa saruji, chuma, alumini na mbolea waeleze hewa ukaa iliyotolewa wakati wa kuzitengeneza. Asiye na takwimu halisi za kiwanda anatumia makadirio ya Tume ya Ulaya, ambayo hayakuandikwa ili kumpendelea asiyepima. Ni bidhaa chache kwa sasa, na nyingi kati yake si zetu.

Ushirika wa Mbinga hauhitaji kupima kila kitu, na hata kiwanda cha saruji hakihitaji. Kuna hesabu nne ambazo karibu kila bidhaa ya ukanda huu inazipitia: umeme wa gridi ya kila nchi, dizeli ya lori kwenye barabara zetu, kuni na mkaa pamoja na misitu vilikotoka, na kinachotokea kwa taka kwenye dampo lisilo na uzio. TANESCO na Kenya Power wanayo ya kwanza tayari, katika ripoti zao. Idara za misitu zina sehemu ya ile hesabu ya tatu. Ya nne haina mwenyewe, na ndiyo ambayo hakuna Mdenmark atakayetufanyia.